Likifa, Mazishi Juu Yangu

Mimi sipendi mtu anichezee maneno. Nipige kofi, kesho tutapatana. Lakini ukinigeuzia neno ulilolisema mwenyewe, na huku unacheka, siku hiyo usinisogelee. Na Vitalis, Mhehe mmoja aliyekuwa akiuza magari yaliyokwisha kutumika pale Gerezani, alinigeuzia neno. Neno lenyewe ni kufa.

Mwaka ule nilikuwa nimepata kazi ya kupikia makuli wa bandarini. Soko jipya la Kariakoo lilikuwa bado linanukia saruji. Napika ugali, maharage na samaki uani kwangu, Mtaa wa Sikukuu, na chakula kinatakiwa kifike geti la bandari saa sita mchana, kikiwa cha moto. Nyapara wao, Kitwana, mtu wa Kilwa, hakunificha kitu.

"Dada Clotilda, kwa sasa tunakujaribu tu," aliniambia. "Kuli akishikwa na njaa hasikii lugha. Ukituchelewesha tunampa mwingine, na tusilaumiane."

Mkokoteni ulikuwa unanichelewesha, tena unanimwagia mchuzi njiani. Nikaamua kutafuta gari.

Magari siku zile yalikuwa adimu kuliko sukari, na sukari yenyewe tulikuwa tunaipangia foleni. Vitalis alikuwa na uwanja wake karibu na reli, kayapanga magari yake mazee, kayapaka mafuta yang'ae. Alipojua tu mimi ni Mngoni wa Songea, akaanza.

"Mngoni! Unataka gari la nini? Si mmezoea kukimbia kwa miguu?"

"Waliokuwa wanakimbia ni babu zako," nikamwambia. "Babu zangu walikuwa nyuma, wanawafukuza."

Basi tukawa watani hapo hapo. Wangoni na Wahehe ndivyo tulivyo. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, sisi tukarithi matusi bila mikuki. Mtani akikutukana hukasiriki. Akifiwa, unakwenda kumfanyia fujo msibani, unamwiga marehemu alivyokuwa anatembea na alivyokuwa anakohoa, mpaka wafiwa wanacheka na machozi yao mashavuni. Na kaburini, anayeshika jembe kuzika ni wewe mtani.

Nikachagua pikapu ya kijani. Nilikuwa nimekwenda na balozi wetu wa nyumba kumi, Bi Zamzam, awe shahidi wangu, maana kwa uaminifu wake mama yule angeweza kulinda hata nyama mbele ya paka. Nikamwuliza Vitalis, "Je, ikiniharibikia?"

Vitalis akalipiga boneti kofi. "Mtani, gari hili likifa kabla ya Krismasi, mazishi juu yangu."

"Nimesikia," akasema Bi Zamzam.

Nami nikatosheka. Ningetaka nini tena? Mtu mzima kasema, balozi kasikia.

Pikapu ikafanya kazi, tena vizuri. Dereva wangu, Pius, akaipenda mpaka akawa anaisalimia asubuhi. Ikaja Ijumaa moja ya Novemba. Tumepakia masufuria, tumefika katikati ya Mtaa wa Msimbazi, Pius anatia gia, injini inanguruma, gari haliendi. Anatia tena, linanguruma tena, limesimama pale pale.

"Dada," akasema Pius, "klachi imekwisha."

Jamani! Tulibeba masufuria kichwani, mimi, Pius na wapita njia wawili wenye huruma. Makuli walikula mchana umeshapinda, ugali umeganda kama tofali. Kitwana hakunitukana, na afadhali angenitukana.

"Jumatatu, dada," alisema kwa upole. "Saa sita. Ikishindikana, wewe pumzika tu."

Nikatoka pale mbio mpaka Gerezani, Pius nyuma yangu, kanga inaning'inia. "Vitalis! Gari lako limekufa! Njoo uzike!"

Akaja anafuta mikono. Pius akamweleza. Vitalis akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kama daktari.

"Klachi? Klachi ni uchakavu, mtani. Klachi ni kama soli ya kiatu, inaisha kwa kutembea. Mimi nilisema likifa. Hili halijafa, limechoka. Taa zinawaka?"

"Zinawaka," akasema Pius, mjinga yule.

"Honi inalia?"

"Inalia."

"Injini inanguruma?"

"Inanguruma."

"Sasa mnataka nizike kitu kinachonguruma?" Na akacheka, Mhehe yule, akacheka mpaka akashika kiuno.

Nilimburura mpaka kwa Bi Zamzam. Mama akatuweka kwenye mkeka, akatusikiliza. Mwisho akasema, "Clotilda mwanangu, nilisikia kwa masikio yangu. Alisema likifa. Hakusema likiugua. Mgonjwa hazikwi."

"Mama balozi, gari haliendi!"

"Hata bibi yangu alikuwa haendi, na aliishi miaka mingi tu kitandani."

Nikarudi nyumbani nikalia. Ndiyo, nililia, nani wa kunicheka? Kazi ile ndiyo ilikuwa kodi yangu ya chumba, ndiyo ada ya mdogo wangu kule Peramiho, ndiyo heshima yangu. Mwanamke niliyekuja mjini na sufuria moja, nimefika mahali wanaume wa bandarini wananingojea mimi kwa hamu, leo niangushwe na neno? Nikalia mpaka hasira ikaja, na hasira ikija machozi yangu hukauka yenyewe. Nikajisemea, kama anataka maiti, nitampelekea maiti.

Jumamosi asubuhi tukaisukuma pikapu, Pius kwenye usukani, majirani nyuma, mpaka mbele ya lango la Vitalis. Nikatandika mkeka. Nikajifunga kanga kiunoni. Nikawaita dada zangu wa Kingoni waliokuwa wanauza mboga sokoni, wakaja na vikapu vyao. Nikaweka kichwa juu ya boneti nikapiga ukelele:

"Uwiii! Mwenzangu kaniachaaa! Nani atanibebea maharage yanguuu!"

Wee! Watu wa Gerezani hawasikii kilio wakakaa. Mafundi wakaacha spana, wauza vipuri wakafunga vibanda. "Nani amekufa?" wanauliza. "Gari aliloliuza Vitalis," tunajibu, tunalia tena. Mzee mmoja akavua kofia kwa heshima. Wateja wa Vitalis waliokuwa wamekuja kutazama magari wakasimama mlangoni wakinong'onezana. Bi Zamzam naye akafika na ushungi wake, akakaa kwenye mkeka kimya, maana nilimtumia salamu za msiba, na balozi hakosi msiba wa nyumba zake kumi.

Vitalis akatoka. Nikaona anataka kukasirika, akakumbuka hawezi. Mtani akikasirika msibani ameaibika yeye na ukoo wake.

"Jamani, msidanganywe na Mngoni huyu!" akapaza sauti. "Sikilizeni!" Akaingia kwenye pikapu, akawasha. Injini ikanguruma vizuri kabisa, yaani kama jana imetoka kiwandani. "Mmeona maiti inakohoa?"

Watu wakacheka, na safari hii walinicheka mimi. Nikaona Jumatatu inakuja, namwona Kitwana na upole wake. Dada zangu nao wameishiwa na kilio.

Ndipo dada mmoja, Evarista, muuza mchicha, akamtupia Vitalis neno. "Toka hapo, Mhehe. Nyie hata msibani hamjui mambo. Mtani gani anakuja kwenye kilio mikono mitupu, hata kutuchekesha hawezi!"

Loo! Pale alimgusa pabaya. Vitalis alikuwa anajulikana Gerezani nzima, Mngoni yeyote akifiwa, yeye ndiye mchekeshaji. Akazima injini, akashuka. "Mimi siwezi?" akasema. "Mimi?"

Akakunja suruali. Akainama, akatanguliza kifua, akaanza kutetemeka mwili mzima kama pikapu yangu inavyowashwa asubuhi. "Krrr, krrr, krrr... pfu!" Watu wakaangua kicheko. Akaendelea. Akajifanya anapanda kilima, mashavu yamejaa, macho yamemtoka, anarudi nyuma kidogo, anapanda tena. Akafanya mlango wa kushoto usiofunga, mkono wake unafunguka wenyewe kila akipita kwenye shimo. Akafanya honi yake ya mafua. Halafu akafika kwenye klachi: miguu inakanyaga, mdomo unanguruma, mwili umesimama pale pale, anatazama huku na huku kwa mshangao. Pius alikuwa amekaa chini anacheka huku analia kweli. Hata mimi nilicheka, pamoja na hasira yangu yote, mpaka mbavu zikaniuma. Alikuwa ni yenyewe, pikapu yangu hasa!

Na katikati ya kicheko nikaona. Nikaruka kama nimekanyaga kaa la moto.

"Mama balozi! Umemwona anavyofanya?"

"Nimemwona."

"Mtani anamwiga nani msibani? Anamwiga mgonjwa?"

Bi Zamzam alikuwa Mzaramo, na Wazaramo wana watani zao pia, mambo haya hakuhitaji kuelezwa. Akajifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya ushungi. Akamgeukia Vitalis.

"Baba, kwenu Iringa, mgonjwa akiwa kitandani, mtani anakuja kumwiga anavyokohoa?"

"Hapana, mama! Itakuwa laana hiyo. Mgonjwa haigwi. Anayeigwa ni marehem..."

Hakumalizia. Alibaki mdomo wazi, suruali imekunjwa magotini. Dada zangu wakapiga vigelegele mpaka njiwa wakaruka kwenye paa za majengo ya reli.

"Nimesikia," akasema Bi Zamzam.

Vitalis akakaa chini vumbini, akacheka peke yake, akapigapiga mapaja. "Mngoni, umeniua."

"Sijakuua. Aliyekufa ni gari. Zika."

Lakini kumbe kushinda ni jambo moja na klachi ni jambo lingine. Vipuri vya gari mwaka ule viliombwa kwa barua, na majibu yalikuja mvua zikishapita. Vitalis akazunguka vibanda vyote vya Gerezani, mimi na Pius nyuma yake, na kila mahali walimwonyesha viganja vitupu. Tukarudi uwanjani mikono mitupu. Furaha yote ilinitoka. Nilikuwa na haki yangu mkononi, na haki haina magurudumu.

Vitalis akatazama mwisho wa uwanja. Kulikuwa na pikapu kama yangu, nyeupe, imefunikwa turubai. Ile hakuwa anaiuza. Ndiyo aliyopandishia watoto wake nyuma kila Jumapili kwenda misa, mke wake mbele na gauni lake la maua.

"Mtani, hiyo acha," nikasema, na nilisema kweli.

"Nyamaza, wewe. Mfiwa hapangi mazishi." Akavua shati, akaanza kufungua turubai.

Alifanya kazi Jumamosi ile mpaka jua likazama, akiing'oa klachi ya ile nyeupe anifungie mimi. Jumapili familia ikaenda misa kwa miguu, nikawaona wamepangana njiani, mke wake ameshika viatu mkononi asivichakaze. Yeye alitoka kanisani moja kwa moja akaingia chini ya pikapu yangu. Nikampelekea wali na kuku, akala akiwa amelala chali, nikimtania kwamba Wahehe hata kula hawajui kukaa.

Jumatatu akapanda nasi, eti asikilize klachi inavyoshika. Hakuna nafasi mbele, akakaa nyuma, sufuria la maharage katikati ya miguu. Tukafika geti la bandari kabla king'ora hakijalia. Kitwana akafunua kifuniko, mvuke ukampiga usoni. Hakunisifu. Aligeuka tu akawapigia kelele makuli walete sahani, halafu akaniambia, "Mwezi ujao, dada, anza na uji wa asubuhi."

Vitalis alikuwa anashuka, suruali ina doa la mchuzi. Nikafungua mdomo nimshukuru, ingawa mtani hashukuriwi, hutukanwa.

"Usinishukuru," akasema. "Ngoja ufe wewe. Nitakuiga ulivyolia juu ya boneti, mpaka padri ashindwe kusoma."

Nikacheka, nikamtukana tusi la kwetu. Kisha nikageuka upande wa masufuria, nikajifanya nachota maharage. Mjini hapa sikuwa na kaka wala mjomba, na kila nilipoumwa homa nilikuwa nalala nikijiuliza ni nani atakayenizika.