Anwani ya Selpha wa Sweta

Kule Kianyaga, mpaka leo, kuna kibanda kimeandikwa SELPHA WA SWETA kwa rangi nyekundu, na ndani yake hakuna Selpha. Kuna mama mwingine, mtu mzuri tu, anauza sweta za kununua Nairobi, na wateja wakimwita Selpha anaitika. Ukitaka kumwona Selpha mwenyewe amekasirika, naye si mtu wa hasira, mtajie kibanda kile. Siku waliyohama alikwenda na nyundo kung'oa bango lake. Mwenye kibanda, Mzee Wambugu, akamwambia kwa upole kabisa, "Mama Trevor, kitu ikishapigwa msumari kwa nyumba yangu, hiyo ni ya nyumba." Lori lilikuwa limeshawashwa linangoja. Akaliacha bango pale pale.

Ndiyo maisha ya mke wa askari hayo. Lennox, mumewe, ni polisi, na barua ya uhamisho ikija mnafunga virago, hamuulizi. Mara nne Selpha alitafuta wateja mpaka wakamzoea, na mara nne akawaacha. Mashine ya kufuma ilipanda lori, watoto wakapanda, hata kuku walipata nafasi. Jina lake tu ndilo lililobaki nyuma kila mara. Sasa walikuwa Kiganjo, Lennox akifundisha gwaride kwenye chuo cha polisi, na minong'ono ya uhamisho ilikuwa imeanza tena. Selpha hakutaka hata kuwaza kuanza upya mara ya tano.

"Safari hii jina langu naondoka nalo," alimwambia Watiri.

Watiri alikuwa na saiba, kibanda cha kompyuta, pale madukani, akichapia watu barua na kuwajazia fomu, na mapacha wake wote wawili walivaa sweta za Selpha. "Basi fungua tovuti," akasema. "Mtu akitaka sweta, anakupata hata ukiwa wapi."

Asubuhi moja ya mvua, wateja hakuna, wakaketi mbele ya kompyuta kuchagua programu ya kuijengea. Ya kwanza ilikuwa nzuri ajabu, lakini unalipa kila mwezi, tena kwa dola.

"Hiyo ni sweta ngapi?" Selpha aliuliza.

"Mbili kila mwezi. Upate mteja, usipate."

"Toa hiyo."

Ya pili ilikuwa ya bure, bure kabisa, na ungeweza kuanza kuijaza saa hiyo hiyo. Ya tatu nayo ilitolewa bure na watu walioiunda pamoja kutoka kila pembe ya dunia, ila ulipaswa kukodi mahali pa kuiweka, ununue anwani yako kila mwaka, halafu ujifunze kuiunganisha mwenyewe. Watiri aliikunjia uso. "Hiyo itakutoa jasho, Mama Trevor." Lennox alipoulizwa jioni, alisema bure ni bure, hata babake mzazi hakuwahi kumpa kitu cha bure.

Selpha akachukua ile ya pili. Nani kati yetu angeipita? Kwa wiki kadhaa aliijenga kwa mapenzi. Alipiga picha sweta zikiwa kwenye kamba, akamvisha mwanawe Trevor moja moja, naye Trevor akakubali kusimama wima kwa malipo ya mandazi. Wateja waliandika maneno mazuri mpaka akayasoma kwa sauti. Alijawa na furaha hata akamwonyesha muuza maziwa, mtu ambaye simu yake haikuwa na kioo cha kuonyesha picha.

Kisha likamjia wazo la lebo. Kila sweta itakayotoka mkononi mwake itakuwa na utepe shingoni, na kwenye utepe, anwani ya tovuti. Sweta ikitembea, jina linatembea nayo. Watiri akaiandika anwani ipate kuchapwa, ikakataa kuenea. Wakapunguza herufi, wakapunguza tena, mpaka zikawa kama sisimizi.

"Mbona ni ndefu hivi?"

"Ni hii jina ya kampuni. Inakuja kwanza, halafu wewe unafuata huku mwisho."

"Na kwa nini wao ndio mbele?"

"Si nyumba ni yao?"

Selpha akakikumbuka kibanda cha Kianyaga. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. "Watiri," akasema polepole, "nikihama hapa, natoka na nini?"

Watiri alicheka, kisha akaacha kucheka, akaanza kutafuta. Alibonyeza huku, akasoma kule, chai ikapoa kando yake. Picha Selpha alikuwa nazo kwenye simu, sawa. Lakini kurasa alizopanga, maneno ya wateja, na ile anwani yenyewe, hakukuwa na njia ya kuvitoa. Akitaka anwani yenye jina lake peke yake, alipe kila mwezi kushinda hata ile ya dola, na siku atakayoshindwa kulipa, anwani nayo itapotea.

"Nisamehe," Watiri alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia kweli. "Mimi nimezaliwa hapa, babu yangu amezikwa hapo chini karibu na mto. Nikiingia mahali, siangaliagi mlango ya kutoka."

"Mimi ndiyo huangalia kwanza," Selpha akasema. "Safari hii nilisahau kwa sababu ilikuwa bure."

Nyumbani alilia, na hakujificha. Alikuwa bado na macho mekundu barua ilipofika. Lennox aliiweka mezani, akaketi bila kuvua kofia.

"Lodwar," alisema.

Selpha akaivuta barua akaisoma mwenyewe.

"Na lile jua, nani atavaa sweta?" Lennox akaendelea. "Mama Trevor, mimi nimekumaliza."

Alimkasirikia. Aliikasirikia barua, akalikasirikia na jua la Lodwar ambalo halikuwa limemkosea. Siku mbili neno pekee alilomwambia mumewe lilikuwa kwamba chakula kiko mezani. Lakini hasira ilipopungua, akaona jambo wazi mbele yake. Zile mara nne, aliwaacha wateja akaenda kutafuta wengine. Safari hii huko aendako hakuna wengine. Wote wako huku kwenye baridi ya mlima, na wasipojua pa kumpata, kufuma kwake kumekwisha.

Akarudi kwa Watiri. "Nipe ile ya kutoa jasho."

Na jasho liliwatoka. Watiri alikataa malipo, akasema na yeye anajifunza. Kuna siku ukurasa wote uligeuka mweupe, Selpha akadhani ameua kitu cha watu. Wakaanza tena. Lennox, mtu wa kupigia kelele uwanja mzima ukatetemeka, aliketi jioni kwa jioni akinakili maneno ya wateja kutoka tovuti ya zamani, kwa kidole kimoja, neno baada ya neno. Hakuomba msamaha tena. Selpha alimwekea chai karibu na mkono, na yakaisha.

Anwani mpya ilipochapwa, ilienea kwenye utepe na nafasi ikabaki pande zote mbili.

"Hii ni ya nani?" Selpha aliuliza, ijapokuwa alijua.

"Ni yako. Ulipe tu kila mwaka. Na wenye kukukodisha nafasi wakikusumbua, unabeba kila kitu unahamia kwa wengine."

Siku zilizobaki alishona lebo usiku na mchana. Sweta zikaenda Kiganjo yote, zikaenda Nyeri mjini, nyingine zikanunuliwa na watu wa Kiriaini asiowajua. Kisha lori likaja.

Lodwar alifuma miguu ikiwa ndani ya beseni la maji. Mwezi wa kwanza simu haikulia. Majirani walikuja kuitazama mashine, wakaishika sufu, wakamhurumia. Lennox akirudi kutoka kazini aliitazama ile simu kabla hajamtazama mkewe. Selpha alianza kufikiria kuuza mashine, na wazo hilo lilimuuma mpaka akashindwa kula.

Ikalia mchana mmoja, jua likiwa kali kupita kiasi.

"Ni Selpha wa Sweta? Mimi ni Monicah, wa Kianyaga. Ulifumia mtoto wangu ile ya kijani."

"Nakukumbuka. Kifungo kimoja ulitaka kiwe chekundu."

"Eeh. Sasa si nilirudi kwa kibanda yako, nikauziwa ingine na mama nilidhani ni mfanyakazi wako, ikafumuka yote. Nikasema ati Selpha siku hizi anaibia watu. Halafu Jumapili kwa kanisa, mtoto wa mgeni amekaa mbele yangu, kola imegeuka, nikaona jina yako. Nikafungua kwa simu hapo hapo, nikapata namba yako, mahubiri ikanipita." Monicah akavuta pumzi. "Kwani ulienda wapi, Mama Trevor?"

Selpha alitazama nje. Mchanga mtupu, mbuzi wamejibanza kwenye kivuli cha ukuta, na mlima hauonekani popote. Akavuta futi ya kupimia kutoka shingoni mwake.

"Sikuenda mahali," akasema. "Niko pale pale. Nipe kifua cha mtoto, amefika ngapi?"