Buti la Merv

Tangu mumewe, Merv, azikwe, Glenys alibaki na mmoja tu wa kuzungumza naye asubuhi, naye alikuwa ndege: kasuku mweupe wa porini, kishungi cha manjano, kidole kimoja kimepinda. Alikuwa akitua na wenzake kwenye ukingo wa mbao wa baraza, Glenys akiwamwagia mbegu za alizeti.

"Umechelewa, mzee," alikuwa akimwambia. "Chai imeshapoa."

Ijumaa moja jirani yake, Trish, alikuja na kipande cha mbao kilichotafunwa.

"Shoga, hii ni fremu ya dirisha langu. Wakishiba kwako, wanakuja kunoa midomo kwangu. Acha kuwalisha, tafadhali."

"Sasa nitaongea na nani?" Swali lilimtoka Glenys kabla hajalizuia. Trish akatazama chini, akaondoka.

Glenys aliacha. Kesho yake kasuku waligonga kioo. Yeye akakaa jikoni amewapa mgongo, ameng'ang'ania kikombe kitupu. Wakautafuna ukingo, pale pale Merv alipozoea kuegemea, kisha wakaenda zao. Nyumba ikanyamaza hadi friji ikasikika ikipumua.

Asubuhi ya siku ya kuzolewa taka, alisukuma pipa kando ya barabara, akaweka tofali juu ya kifuniko ili kasuku wasikifunue, kama majirani wote. Hajafika mlangoni, akasikia puu! Tofali liko chini, na yule wa kidole kilichopinda anainua kifuniko kwa mdomo, maganda ya viazi yanaruka.

"Tofali wameshalizoea hao!" Trish alipaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara, bado amevaa gauni la kulalia. "Chomeka kiatu kikuukuu nyuma, penye bawaba, kifuniko kikwame!"

Viatu vikuukuu vilikuwa mabuti ya Merv tu, mlangoni, vile vile alivyoyavua. Hakuna aliyeyagusa. Glenys aliyatazama sana. Mwishowe akachukua la kushoto, akalikung'uta, mchanga ukamwagika kiganjani, akaufumbata, akaenda kulichomeka.

Kasuku akainamisha kichwa. Akavuta kamba ya buti, akavuta tena. Kifuniko hakikutikisika.

"Hilo haliachii," Glenys alimwambia. "Hata mwenyewe alikuwa hivyo hivyo."

Ndege akapiga ukelele, akaruka kuelekea kwenye mikaratusi.

"Huwa unaongea naye?" Trish aliuliza.

"Kila siku."

"Mimi naongea na mashine ya kufulia. Njoo, birika liko motoni."

"Nakuja," alisema Glenys. Lakini alisimama kwanza pale barabarani, kiganja kimefumbwa, mpaka mchanga wote ukamponyoka.