Menyu Ilipohamia Kushoto

Jumamosi asubuhi Baba Pacha alihamisha menyu ya blogu yake kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu wasomaji walilalamika kwamba kule kulia inawasumbua. Alipomaliza akaenda kuchukua chai, akakuta jiko nalo limehamia kushoto mwa korido. Mkewe alikuwa humo akimenya vitunguu, ana uvimbe mdogo kwenye paji la uso.

"Siku nyingine useme mapema," mkewe alisema. "Nimegonga ukuta na sufuria mkononi."

"Samahani, Mama Pacha. Wasomaji ndio waliotaka."

"Basi na hilo sinki ungelisogeza dirishani, maadamu umeshaanza."

Alilisogeza jioni ileile, kwa kubadilisha mstari mmoja kwenye blogu.

Blogu ilihusu teknolojia ya wavuti na maisha ya kila siku. Kazini Baba Pacha alitunza tovuti ya kampuni ya bima, ambayo hakuna aliyeifungua kwa hiari yake. Kwenye blogu alikuwa mtu. Leo alieleza jinsi ya kupunguza uzito wa picha ili ukurasa ufunguke haraka, kesho akasimulia jinsi mapacha wake walivyobadilishana viatu wakachechemea wote wawili hadi shuleni. Wasomaji walikuwa wengi kiasi cha kumfanya mtu ajione. Hakuwahi kumwomba ruhusa yeyote wa nyumbani kabla ya kumwandika, na hakuna aliyemuuliza.

Uliopendwa kuliko kurasa zote ni ule wa "Mama Asema". Mama yake aliishi nao, chumba cha mwisho cha korido, na miaka ya mwanzo Baba Pacha alikuwa akiketi kitandani pake kila jioni akiokota maneno. "Ukimwazima jirani ungo, usimuulize alichopepeta," mama alisema siku moja, naye akakimbia kwenda kuliandika kabla halijapoa. Wasomaji walifurahi mno. Wakaanza kumwita mama yetu.

Kisha mama akaanza kurudia hadithi zake, na Baba Pacha akawa na mambo mengi. Ikawa anamsalimia akiwa mlangoni. Baadaye akawa anamsalimia akiwa koridoni, anapita. Maneno yalipomwishia aliona ni rahisi zaidi kuyatunga mwenyewe: "Picha nzito humchelewesha mgeni mlangoni," Mama Asema. Hilo nalo walilipenda. Wakiuliza mama hajambo, alijibu hajambo, anawasalimu.

Tangu menyu ihame, takwimu za blogu zilikuwa zikihesabu na vyumba. Jiko liliongoza. Choo kilifuata, hasa asubuhi. Chumba cha mama kilishika mkia, kwa kuwa waliofika huko ni mapacha tu, nao waliweka sinia la chakula mlangoni, wakabisha, wakatimua mbio. Mtu asiyeingia hahesabiwi. Baba Pacha aliziona takwimu hizo na moyo ulimuuma, kweli ulimuuma, akaapa kwamba Jumapili ataketi na mama. Jumapili ilikuja na mambo yake.

Chumba kikaanza kusogea, kama zinavyosogea kurasa zisizofunguliwa. Kwanza kilikwenda nyuma ya stoo. Halafu kikawa ndani ya mlango mdogo ulioandikwa "Zaidi", ambao ulitaka kusukumwa kwa bega. Mama hakulalamika. Alipiga simu mara moja tu, kwa ile simu ya zamani ya mwanawe aliyopewa ili akipata shida apige, akauliza kama wamehama.

"Hatujahama, Mama," Baba Pacha alimwambia. "Tunapanga tu."

"Haya, mwanangu. Mkimaliza mniambie niko wapi."

Sasa, Baba Pacha alikuwa ameandika makala ndefu kuwaonya watu wasibonyeze "Ndiyo" kabla ya kusoma wanachoulizwa. Lakini mganga hajigangi. Jumatano, akiwa kazini na mteja mkali yuko sikioni, blogu ilimletea swali refu lililoanza kwa kusema kuna sehemu isiyotembelewa, nayo inazichelewesha nyingine zote. Alibonyeza "Ndiyo" huku akitafuta kalamu.

Aliporudi nyumbani korido ilikuwa fupi. Palipokuwa na mlango wa "Zaidi" palikuwa na ukuta laini, uliopakwa rangi vizuri. Mkewe alikuwa amesimama mbele yake na sinia la chakula.

"Umefanya nini, Baba Pacha?"

"Nilibonyeza."

"Mrudishe mama."

Akamweleza kwamba nakala ya akiba ya blogu ipo, ila ni ya zamani. Akiirudisha, jiko litarudi kulia na sinki litatoka dirishani. Mkewe akaligeukia sinki. Mwanga wa jioni ulikuwa umetua juu ya vyombo, na tuseme kweli, kwa korido ile fupi chai ilifika sebuleni ingali moto.

"Basi Jumamosi," mkewe alisema.

"Jumamosi," akakubali.

Sinia wakaliacha chini ya ukuta. Asubuhi lilikuwa tupu, tena limeoshwa, kwa hiyo hawakuwa na wasiwasi. Mapacha waliendelea kulipeleka, kubisha ukutani na kukimbia. Upande wa pili sauti iliitikia "Karibuni," kama ilivyoitikia siku zote.

Jumamosi ikapita, na nyingine ikapita. Baba Pacha aliandika makala kuhusu namna ya kuondoa kisichotembelewa ili vilivyobaki viwe vyepesi, ikasomwa kuliko makala zake zote. Chini yake aliweka neno: "Nyumba nyepesi haimchoshi mgeni," Mama Asema. Wasomaji wakamsifu mama kwa hekima, wakamwombea maisha marefu.

Kati ya maoni yaliyosubiri kuidhinishwa kulikuwa na moja lililotoka kwenye ile simu ya zamani.

"Hilo sikulisema mimi. La ungo ndilo langu, nashukuru hukulisahau. Huku hakuna dirisha. Nina neno jingine jipya, ila ni refu, linataka mtu aketi. Njoo nikwambie."

Baba Pacha alilisoma, akalirudia, na machozi yakamlengalenga. Alimwita mkewe, naye akasoma, akafuta jicho kwa ncha ya aproni. Wakakubaliana kwamba mama bado ana akili kali. Kisha Baba Pacha akasahihisha mkato mmoja, akaidhinisha maoni yale, na kwa kuwa hakupenda ubaguzi, akayajibu kama alivyowajibu wasomaji wake wote:

"Asante kwa maoni yako. Endelea kututembelea."