Wateja Waliokuwa Wameshafika Kona

Mimi ni dalali wa nyumba, na mteja wangu hutangulia, mimi nafuata. Akiingia chumbani, nabaki mlangoni. Simgeuzii mgongo, na geti huwa wazi mpaka atoke. Wenzangu hunicheka eti nawachunga wateja kama mbuzi. Wacha wacheke.

Ila siku ile nilikuwa nauza nyumba ya shangazi yangu, na shangazi ana sheria zake. Kwake, mwenye nyumba ndiye hutangulia, mgeni akafuata, na geti hufungwa kufuli kila mtu akishaingia, kwa ajili ya wezi. Tangu mumewe afariki hajalala nje ya nyumba hiyo hata usiku mmoja. Alikubali kuiuza shingo upande, magoti yalipomshinda, nami nikamwahidi kwamba mpaka siku ya kuhama hatapatwa na baya lolote. Nilimwahidi kwa kiapo, na alilia.

Mteja alifika jioni, shati limenyooka kwa pasi. Alimwamkia shangazi kwa adabu zote, akamsifia maua ya kibarazani, akamwita mama.

"Huyu mstaarabu," shangazi akaninong'oneza, kwa sauti ambayo hata mteja mwenyewe aliisikia. Kabla sijasema neno alikwishafunga geti na kutumbukiza ufunguo kifuani.

"Shangazi, geti tuliache wazi."

"Ili waingie wezi?"

Mnunuzi wa kweli ni msumbufu. Hugonga kuta, hufungua mabomba, hukodolea dari kutafuta madoa ya mvua, kisha hulalamikia bei hata hajaketi. Mstaarabu hakugonga chochote. Bei hakuitaja. Aliuliza jirani hurudi saa ngapi kutoka kazini, na kama yule mbwa anayebweka ni wetu.

"Wa jirani," shangazi akajibu. "Sisi hatuna hata paka."

Nikamkonyeza. Akaniuliza kama jicho linaniuma.

Nikatoa simu nimwandikie mume wangu aje haraka. Kabla sijautuma ujumbe nikainua uso, na sebule ilikuwa tupu. Nilisikia sauti zao huko nyuma, halafu mlango ukifungwa.

"Shangazi!"

Chumba cha nyuma kina mlango mmoja na dirisha linalotazama uani. Nilifika pale sijui kwa miguu ya nani, nikausukuma mlango. Ulikuwa umerudishiwa tu. Shangazi alikuwa ameketi kitandani, na yule mtu amesimama kati yetu, mkono wake kwenye komeo la dirisha.

"Kwa hiyo mama, hapa unalala peke yako?"

"Peke yangu na Mungu wangu," shangazi akasema, tabasamu hadi masikioni.

Yule mtu akageuka. Alinitazama mimi, akautazama mlango niliokuwa nimeushika, akanitazama tena. Mdomo wake ulikuwa unacheka bado, lakini macho hayakuwa na habari na kicheko hicho. Niliogopa. Sisemi nilishtuka, niliogopa hasa. Geti lilikuwa na kufuli, ufunguo uko kifuani mwa mtu asiyeweza kukimbia, na mkononi sikuwa na hata fagio.

Nikajikaza kisabuni. Nikatoa uongo ambao kila dalali hutembea nao.

"Samahani, kaka, itabidi tuharakishe. Kuna wateja wengine, wote wanaume, wameshafika hapo kona. Wanakuja na pesa mkononi, wanataka wamalize leo leo."

Jikoni bomba lilikuwa likidondosha maji, na sijui kwa nini nilianza kulisikiliza. Mwishowe akaliachia komeo.

"Basi nisiwe kikwazo," akasema.

Shangazi akainuka akiguna, uso umemshuka. "Ngoja nikusindikize, mwanangu."

Sikuthubutu kumkataza. Nilisimama kibarazani nisiwapoteze machoni, simu sikioni, nikipiga kelele peke yangu: "Eeh, njooni! Geti linafunguliwa sasa!" Pale getini shangazi alimshika mkono kwa mikono yake miwili, kama anavyowaaga wageni wote, akamwambia maneno mawili matatu. Mstaarabu akatoka. Aligeuka akanipungia, na mimi nikajiambia, nenda, baba, umepatikana leo. Kufuli nililifunga mwenyewe.

Kule chumbani nilikuta komeo limelegezwa. Hasira zikanipanda.

"Mtu hakuuliza hata bei, shangazi! Uliona wapi mnunuzi asiyeuliza bei?"

"Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Upone nini? Alikuwa anapima dirisha!"

"Wewe sema ukweli wako." Alikuwa amenuna kweli, midomo imembetuka. "Unamnyima nyumba mtu mwenye adabu ili uwape hao wenye pesa mkononi. Nimekusikia ukiwaita. Ndiyo maana nimemsaidia mtoto wa watu."

"Umemsaidiaje?" nikauliza. Nilikuwa bado nakaza komeo.

"Nimempa zile funguo za marehemu, wa geti na wa mlango wa uani. Zilikuwa zinaning'inia tu pale mlangoni. Nimemwambia aje alfajiri na fundi wake wapime, awawahi hao wengine."

Komeo likanitoka mkononi. Nilimwona tena akinipungia pale getini, na nikaelewa alikuwa akifurahia nini. Nje giza lilikuwa linaanza kuingia, na jirani alikuwa hajarudi.

"Vaa ndara, shangazi. Leo unalala kwangu."

"Mimi silali nje ya nyumba yangu, unajua. Na hao wateja wako wakifika, nani atawafungulia?"

Nilipiga magoti mbele yake, nikamshika miguu.

"Hakuna wateja, shangazi. Niliwatunga mimi, ili yule aondoke."

Shangazi akageuza uso kuelekea mlango wa uani, na mguu wake ukaanza kupapasa sakafuni, ukitafuta ndara.