Mtani Aliyeondoka na Kiti

Kijiko kilikuwa kinagonga jagi huko jikoni, polepole, kama cha mtu asiyetaka kuamsha nyumba. Mimi nilikuwa macho, nasubiri adhana ya alfajiri.

"Nani anaharisha?" nikauliza nikiwa kitandani.

"Hakuna anayeharisha, Bibi. Ni mimi."

"Yasmin? Unakoroga chumvi, sukari na ndimu saa hizi, halafu unasema huharishi?"

Akacheka kwa sauti ya chini. "Ni ya kwenye mbio, Bibi. Jasho linaondoka na chumvi, sasa lazima niirudishe."

Yasmin ni mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu Hussen. Ninaishi naye hapa Tangini, Kibaha, pamoja na mumewe Salehe. Anafunga maboksi kwenye kiwanda kimoja kule Zegereni, na kazi yenyewe ni ya kusimama kutwa. Wenzake wakitoka zamu wanalala. Huyu wangu anavaa viatu anakwenda kukimbia.

Na mbio alizozipenda nitazieleza kama ninavyozielewa. Mnazunguka njia moja ya kilomita sita na kitu, na mnapewa saa nzima. Ukirudi mapema, muda uliobaki ni wako: kula, kaa, jikune. Saa ikitimia kengele inalia, wote mnaanza tena. Asiyekuwepo mstarini ametoka. Mwisho haukuwekwa. Mnazunguka hivyo hivyo mpaka abaki mmoja. Siku ya kwanza kuelezwa nilimwambia hata punda angeuliza sababu.

Asubuhi ile nikamtania tena. "Unaikimbia kengele ya kiwandani, leo unakwenda kutafuta kengele nyingine kwenye mbio za Vihingo."

"Ile ya kiwandani naitii kwa sababu ya mshahara, Bibi. Hii naitii kwa sababu nimeipenda."

Alikuwa ameshajaribu mara mbili, na mara zote mbili miguu haikumwangusha. Kilichomwangusha ni kiti. Jua likikolea anakaa apumzike kidogo, kengele inalia, hainuki.

"Sitaki hata kushinda," akasema. "Nataka jua linizamie nikiwa nakimbia, basi. Nikikaa nisiinuke na leo, viatu nampa Shamsia, mimi nijifunze kushona."

Shamsia ni mdogo wake. Yasmin alisema hivyo kwa mzaha, lakini mkono uliendelea kukoroga na sukari ilikuwa imeshayeyuka zamani.

Safari hii aliniomba mimi niwe msaidizi wake, yaani yule anayekaa pale na chakula na maji. Akanipa na masharti: nisimuulize kama amechoka, nisimpe pole, nisimwonee huruma.

"Nisikuonee huruma? Nikuonee lini basi, ukizeeka?"

"Bibi!"

"Haya, nimekubali."

Nilikubali kwa mdomo. Kwa mikono nilikuwa nimeshapika wali wa nazi na samaki wa kukaanga, na nimemwambia Salehe apakie kochi la sebuleni, lile la mtu mmoja, na mto wake. Mtu akikujia kutoka juani, unampa pa kukaa na unampa chakula. Sisi tumelelewa hivyo.

Salehe aliazima kirikuu cha rafiki yake, kile kigari kidogo cha mizigo, tukapita Mlandizi, tukaingia njia ya vumbi mpaka Vihingo. Mbio zilikuwa kwenye shamba la Magembe, mfugaji aliyehamia huku na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita. Aliyeziandaa ni mpwa wake, Gideon, mwalimu wa michezo. Wakimbiaji walikuwa kama ishirini, wengi vijana wenye miwani ya jua. Magembe mwenyewe alikuwemo, kaptura imefika chini ya magoti, mvi kichwani.

Nikiwa nanyoosha kitambaa cha kochi, mwanamke mmoja mrefu akanijia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani wewe?"

"Holo. Mke wa yule mwenye kaptura ndefu. Ninyi watu wa wapi?"

"Kibaha. Wazaramo."

Akapiga makofi. "Watani zangu! Nilikuwa najiuliza nani kaleta kochi porini. Nikasema huyu ama ni mgonjwa, ama ni Mzaramo."

"Na mimi nimeona mwanaume mzima amekalia kigoda kama anakamua, nikajua hawa viti bado hawajavizoea. Wasukuma!"

Basi tukawa tumeshajuana. Mtani ni mtani. Anakutukana ukiwa mzima, anakuzika ukifa, na hapo katikati huruhusiwi kununa.

Kengele ikalia, wakaondoka. Vijana walitoka kama wanafukuzwa. Magembe alitoka mwisho kabisa, na kilima cha kwanza tu akaanza kutembea. Nikamwambia Holo, "Mumeo kachoka na hata hajaanza."

"Huyo? Vilima vyote anatembea, kuanzia cha kwanza. Hao wanaompita atawakuta jioni wamelala chali."

Yasmin alikuwa anajua hilo. Alirudi katikati ya kundi, hana haraka, akanywa maji yake ya chumvi, akala kiazi, akapaka mafuta mapajani pasichubuke. Nikamuuliza njia ikoje.

"Sijui njia, Bibi. Mzee Magembe kanifundisha. Yeye kila mzunguko anakwenda kumtafuta ng'ombe mmoja aliyepotea, anamjua na jina. Hahesabu mizunguko. Anamwona ng'ombe, anarudi."

"Na wewe huna ng'ombe."

"Mimi naenda kusalimia watu. Kila mzunguko mtu mmoja wa mtaani kwetu. Sasa hivi nilikuwa kwa Bi Zuleha wa maandazi."

"Anaendeleaje?"

"Bado anasema watu."

Mchezo huo nikaupenda. Kila akirudi namuuliza umetoka kwa nani, naye ananipa habari za huko. Alikwenda kwa fundi cherehani, akakuta nguo yangu haijashonwa. Alikwenda kwa mama mwenye nyumba wetu wa zamani, akakaribishwa chai, akakataa. Kichwa kikiwa kwenye maneno hayo, miguu ilikuwa inafanya kazi yake bila kusumbuliwa.

Mchana vijana wakaanza kupungua. Mmoja wa miwani alikaa chini akasema anafunga kamba ya kiatu, akaifunga mpaka kengele ikalia. Kila anayetoka, Gideon anampa mkono na kikombe cha chai, na simsikii akimuuliza kwa nini. Nilipenda hilo.

Jua lilipokolea, Yasmin alirudi amechelewa. Midomo imepauka, kisigino kimeota lengelenge. Akanyoosha mkono apate kiazi, ale amesimama, kama tulivyokuwa tunafanya tangu asubuhi.

Na mimi nikasahau masharti yote. "Pole, mama yangu," nikasema. "Kaa kidogo."

Akakaa. Nikamwekea khanga mbichi kichwani, nikamweka mto mgongoni, nikafunua wali. Alikula vijiko vitatu, macho yakaanza kufumba. Nikampepea. Nilikuwa nafanya vizuri kabisa, namlaza mtoto.

Filimbi tatu zikalia. Ni za kuwaambia wamebakiwa na dakika tatu. Kule kwenye kigoda, Holo hakusema pole. Alisema, "Kunywa. Inuka. Nenda." Na kigoda chenyewe hakikuwa na pa kuegemea. Magembe akainuka kwa sababu kuinuka kulikuwa na nafuu kuliko kukaa.

"Yasmin," nikaita. "Kengele hiyo inakuja."

"Naisikia, Bibi." Macho hayakufumbuka. "Niache kidogo tu. Sitaki tena."

Nilitaka kumwamuru. Mtoto niliyembeba mgongoni, amechoka, yuko kivulini, niseme nini? Nikatazama huku na huku, na nadhani Holo aliusoma uso wangu, maana alivuka uwanja kwa hatua ndefu.

"Hili kochi la nani?" akauliza.

"La kwetu," nikasema.

"Lilikuwa la kwenu. Nimelipenda. Mtani akipenda kitu anachukua, au sheria Kibaha imebadilika?"

Akaliinua upande mmoja. Yasmin akateleza kama gunia, akajikuta chini kwenye vumbi, macho yamefumbuka yote mawili.

"Mama Holo! Nimekaa!"

"Ulikuwa umekaa. Wazaramo mnapenda kulala, na mimi sina mahali pa kukulaza." Akalibeba kichwani, mto juu yake, akaondoka nalo kuelekea mstarini. "Likifika pale kwenye kengele nalikalia mimi, na wali wenu nitaufuata baadaye!"

Filimbi mbili. Yasmin akasimama. Akaanza kumfuata huku anachechemea, anacheka, anadai kochi la bibi yake. Watu wote wanacheka. Filimbi moja. Holo akalitua kochi pembeni ya mstari, akakaa, akakunja nne. Yasmin akaweka mkono kwenye kochi, na hapo hapo kengele ikalia. Alikuwa mstarini. Magembe akamgusa bega, "Twende, mjukuu wa kochi," wakaondoka.

Nilimfuata Holo. Nilitaka kumshukuru, lakini mtani hashukuriwi hivi hivi.

"Unajua kwamba yule anashindana na mumeo?" nikamwambia.

"Najua. Mume wangu akibaki peke yake mapema mbio zinaisha, anarudi nyumbani kunisumbua." Akainuka akaniachia kochi. "Kalia wewe, mama. Wewe una ruhusa."

Yasmin aliporudi, Holo alikuwa amechemsha sindano, akamtoboa lile lengelenge, akalifunga kitambaa safi. Akampa michembe atafune njiani, vile viazi vyao vitamu vilivyokaushwa juani. Yasmin kochi hakulisogelea tena. Alikula amesimama, mkono mmoja begani kwangu. Sikumpa pole. Nilijing'ata ulimi mpaka nikapata uchungu wa kweli.

Alasiri ikapita hivyo. Wakabaki wanne, wakabaki watatu. Jua lilipoanza kuwa jekundu nyuma ya miombo walikuwa wawili tu, Yasmin na Magembe, na walikuwa njiani. Nikatandika mswala, nikaswali magharibi. Nilipotoa salamu niliona taa mbili zinashuka kilimani. Magembe alikuwa amechukua tochi mbili, moja yake, moja ya Yasmin. Hakuna aliyemwagiza.

"Bibi!" akaita kutoka mbali. "Nimeliona! Limezama nikiwa kule juu, nikiwa nakimbia!"

Nikampa kiazi.

Kumbe shida ilikuwa upande wa pili. Magembe alikaa kwenye kigoda, akashika magoti, akatikisa kichwa. Holo akasema, "Kunywa. Inuka. Nenda." Hakunywa. Akarudia. Magembe akasema ameyasikia maneno hayo tangu walipooana, leo magoti yamekataa kuyaelewa.

Holo akanitazama. Mke si mtani. Nikajua zamu ni yangu.

Nikafunga khanga kiunoni, nikashika kichwa, nikapiga ukunga.

"Uwiii! Njooni jamani! Magembe kanifia! Mtani wangu kanifia kwenye kigoda!"

Watu wakageuka. Nikazunguka kigoda nikimlilia kama tunavyowalilia watani wetu msibani. "Alikuwa mtu mwema! Alikuwa anakula ugali mpaka ugali unamwogopa! Kaptura yake mzikeni nayo, hakuna wa kuirithi! Ng'ombe walionenepa nawachukua mimi, waliokonda abaki nao mjane!"

"Na mimi mjane unaniacha na waliokonda?" Holo akalia naye, machozi ya kicheko yanamtoka.

"Wewe unakuja kuolewa Kibaha! Nimeshakupatia mchumba. Hana meno, lakini ana kochi!"

Magembe akacheka mpaka akakohoa. Akatafuta fimbo yake anipige nayo, na ili aifikie ikabidi asimame. Akiwa amesimama, filimbi ikalia.

"Sijafa, Mzaramo wewe!" akasema. "Na ng'ombe huwapati!" Akajikokota mpaka mstarini.

Yasmin alikuwa ananitazama, mikono kiunoni. "Bibi, wewe uko upande wa nani?"

"Aliondoka na kochi kwa ajili yako. Ulitaka nimlipe na nini?"

Wakazunguka tena, sasa wanatembea zaidi ya kukimbia, tunazisikia sauti zao kabla ya kuona tochi. Yasmin aliporudi alikuja moja kwa moja kwangu, akasimama.

"Umetoka kwa nani?" nikamuuliza.

"Kwetu, Bibi. Mtaa mzima nimeumaliza. Nimebisha hodi, nikajifungulia mwenyewe." Akavuta pumzi. "Nimemaliza. Sikukaa. Nimemaliza."

Nikamtazama usoni. Zile mara mbili aliporudi ameshindwa, uso ule ulikuwa umeshuka. Leo haukushuka.

Akaenda mstarini akampa Magembe mkono, maana sheria yao inasema anayebaki lazima amalize mzunguko mmoja peke yake ndipo awe mshindi. Magembe akauliza kama kweli anamwacha aende gizani bila wa kuzungumza naye. Yasmin akamwambia akamtafute ng'ombe. Alipotoweka, ndipo mjukuu wangu akakaa kwenye kochi, akala wali wote uliobaki, na Salehe akamvua viatu, akavipangusa vumbi kwa shati lake mwenyewe.

Magembe alirudi akiwa mshindi, analalamika njia nzima. Usiku huo tulilala kwao. Asubuhi Holo alituletea maziwa, na nilimwona amelifunika kochi letu ndani ya kirikuu kwa turubai lake, lisipate umande.

Yasmin alipanda mbele akibebwa na mumewe kama bibi harusi, anamwambia Gideon amwandike mapema kwa mbio zijazo. Mimi nilipanda nyuma, nikakaa kwenye kochi. Holo akashika ukingo wa gari, hakuachia hata injini ilipowaka.

"Mama," akasema, na safari hii hakutania. "Watu wa kucheka nao huku ni wachache. Njoo tena. Mahindi yakikomaa, njoo ukae hata wiki."