Mwenye Mfuko

Ninalala mchana katika kiti cha safu ya katikati, ndani ya ukumbi mtupu, na ninajua kabisa kwamba ninalala, maana fundi wa spika anajaribu vyombo vyake huko mbele na kila akisema moja-mbili, moja-mbili, sauti yake inazidi kwenda mbali. Jioni hii filamu yangu inaonyeshwa hapa. Ninaiita yangu kwa sababu hakuna mwigizaji mwingine ndani yake. Kabla ya hapo nilijulikana kwa tangazo la sabuni ya unga, watoto wakiniimbia njiani, na sikuwa na malalamiko. Kisha Bi Hafswa, mwongozaji, akanipa mfuko wa turubai akaniambia nitembee nao mjini mpaka mlango wa jengo kubwa la ofisi, na kamera ifuate kisogo changu. Hakuna muziki, hakuna polisi, hakuna mlipuko. Kuna mtu, mfuko na mji, basi. Nikamwuliza, Bi Hafswa, huyu ni gaidi au ni mtu anayekwenda kazini? Akasema, wewe tembea. Nikamwuliza mfuko una nini. Alikuwa ameushona mdomo kwa mkono wake mwenyewe, na kila asubuhi alibadilisha uzito wake, leo mzito wa kukata bega, kesho mwepesi kama nguo chafu, ili nisije nikajua nikaanza kuigiza. Sharti lilikuwa moja: njiani watu watakusalimu, nawe usiitikie. Ukiitikia tu, alisema, watazamaji watakupenda, na mimi sitaki upendwe wala uchukiwe. Mtu aliyelelewa pwani akiambiwa asiitikie salamu ni bora aambiwe asipumue. Lakini nililipwa, nikanyamaza, na kila jioni nilirudi nyumbani shingo imekakamaa.

Leo asubuhi mama alikuwa anapiga pasi leso yake ya kutokea. Akaniambia bila kuinua macho, Mwero, nakuuliza kitu kimoja tu, sikuulizi tena. Yule mtu wako, alifanya au hakufanya? Baba yangu alikuwa fundi wa lifti. Alikufa mjini, nikiwa mdogo, ndani ya jengo ambalo mtu aliingia na bomu, na mtu huyo mpaka leo hakuna anayemjua sura, kwa kuwa kamera ya mlangoni ilimnasa kwa nyuma tu. Baba hakuwa na haja ya kuwepo saa ile. Alipenda kufika mapema, wapangaji wasije wakanung'unika. Kwa hiyo mama haulizi mambo ya sanaa. Anataka kujua kama ataketi mbele ya watu kumtazama mwanawe akimuua mumewe. Nikamwambia, mama, sijui, na kweli sijui. Akageuza leso upande wa pili, akasema, basi uwe umejua kabla sijafika mlangoni, la sivyo nitageuka hapo hapo nirudi nyumbani. Ndiyo sababu nimekuja ukumbini mapema, kumsubiri Bi Hafswa nimbane aseme. Hajafika. Moja-mbili, anasema fundi. Ninainuka, au nadhani nimeinuka, ninapita pazia zito la mlango, na ng'ambo ya pazia ni asubuhi.

Mfuko uko begani. Sikumbuki kuuchukua. Barabara ni ile tuliyopigia picha, ila haina mwisho: inapita maduka ya vioo, inakata kona kwenye kinyozi, na baada ya kona yanaanza tena maduka yale yale na kinyozi yule yule. Kila nikifika konani nasikia sauti ya Bi Hafswa ikisema, tena, kwa upole wake ule wa kuchosha, na najikuta nimerudi mwanzo. Najitazama katika kioo cha duka la viatu, naona kisogo. Najaribu kioo cha duka la dawa, kisogo. Nageuka ghafla ili nijivizie, na mji mzima, vioo vyote pande zote mbili, unanionyesha kisogo changu kilichonyolewa vizuri, mfuko unaning'inia. Sishangai sana. Ndivyo nilivyopigwa picha, na vioo hivi labda havijawahi kuona kingine. Watu nao wamejaa, wanakwenda na shughuli zao, lakini hawana nyuso. Bi Hafswa alitumia lenzi inayoona karibu tu, kila aliyekuwa mbali nami akatoka kama ukungu pichani, na huku wamebaki hivyo hivyo: mahali pa macho pana ukungu, mahali pa mdomo pana ukungu, na ndani ya ukungu huo wananiambia, hujambo, habari ya asubuhi, salama? Shingo yangu inakakamaa. Siitikii. Sharti ni sharti, hata usingizini, na hilo linanikera.

Mmoja wao anaanza kutembea sambamba nami. Amevaa sare ya askari wa mlangoni na ameshika kile kioo chenye mpini mrefu cha kukagulia magari uvunguni, anakipitisha chini ya nyayo zangu kila ninapoinua mguu. Namwuliza anatafuta nini. Anasema, natafuta unachotembea nacho. Nasema, nacho kipo begani, si miguuni. Anasema, wote husema hivyo. Namwuliza, basi niambie wewe, mfuko huu una nini? Anasema, una uzito wa anayeutazama. Namwambia ndugu yangu, sina wakati wa mafumbo, mama yangu yuko njiani na anataka jibu. Anafikiri kidogo, ukungu wa uso wake unajikunja, kisha anasema, nikiufungua nikakuta bomu, utaitwa gaidi. Nikiufungua nikakuta mkate, mimi nitaitwa mjinga. Nisipoufungua, sote wawili ni wafanyakazi wema. Sasa nani anataka ufunguliwe? Mama yangu, namjibu. Anasema, basi njia ni hii, na ananionyesha barabara ile ile niliyokuwa nikiitembea tangu mwanzo. Nataka kumtukana lakini ameshabaki nyuma, anakagua mkokoteni wa machungwa.

Safari hii baada ya kona hapatokei kinyozi. Linatokea jengo, refu, na mlango wake wa kioo unafunguka na kujifunga wenyewe ijapokuwa hakuna anayepita. Mfuko unakuwa mzito, kisha unakuwa mwepesi, kisha mzito. Miguu inanipeleka, imeshazoea, tulirudia eneo hili mara nyingi mno. Na kutoka upande wa pili wa barabara anakuja mtu mwenye uso. Katika mji mzima ni yeye peke yake. Ana masharubu madogo, sanduku la vyuma mkononi, shati lenye doa la grisi kifuani ambalo mama aliwahi kunisimulia kwamba halikutoka kwa sabuni yoyote. Ni kijana kuliko mimi. Hilo ndilo linaloniumiza, sikulitarajia: baba yangu ni kijana kuliko mimi, na anatembea haraka kuelekea mlango ule ule. Ananitazama, anangoja nimwamkie kwa kuwa yeye ana sanduku la kazi na mimi ninaonekana mzururaji, na nisipomwamkia ananiamkia yeye, kwa utani wa kunisuta. Hujambo bwana mkubwa? Au siku hizi mdomo nao umeshonwa?

Nikinyamaza atapita. Hatua chache tu na atakuwa ndani, mapema, kama kawaida yake. Nasikia Bi Hafswa mahali fulani akivuta pumzi. Ninaitikia. Sijambo, nasema, sijui wewe. Neno linatoka limekwaruza. Anasimama. Mtu akiitikia, lazima usimame, hata kama una haraka, na hilo ndilo nililolikamata mkononi mwangu pamoja na kiganja chake, maana nimempa mkono na sijaurudisha. Habari za nyumbani? Njema. Watoto? Yupo mmoja, anasema, mtundu, ana surua siku hizi lakini anapona. Mama yake? Hajambo. Na kazi? Lifti zinapanda na kushuka, anasema, na zikishuka zenyewe ndipo ninaitwa. Anacheka peke yake. Namwuliza habari za majirani. Namwuliza habari za mvua, kama imenyesha kwao. Namwuliza habari za mzee wake, na mzee wa mzee wake, ambaye anasema amekufa zamani, basi ninatoa pole ndefu kadiri ninavyoweza, na yeye anaipokea kwa adabu huku macho yake yanakwenda mlangoni. Haya, anasema, niwahi. Namwuliza habari za shemeji. Shemeji yupi? Yeyote, nasema. Tena, anasema Bi Hafswa, na tunaanza upya, anakuja na sanduku lake, hujambo bwana mkubwa, nami nashukuru, kwa mara ya kwanza nalipenda neno hilo. Tunasalimiana tena. Na tena. Kila mara ninapata jambo jingine la kuuliza, paka, bomba la maji, bei ya samaki, na kila mara anajibu, kwa sababu amelelewa hivyo. Ninaogopa kama sijawahi kuogopa. Habari zinakwisha. Hata pwani habari zina mwisho.

Mwishowe ananitazama vizuri. Wewe bwana, anasema, maswali yako mengi na jasho linakutoka. Mzigo umekulemea, na mimi nimesimama tu kama sina haya. Lete nikupokee. Anaunyoshea mkono mfuko. Hapana, nasema. Lete, sote tunaingia pale pale. Hapana, si mzito. Si mzito na bega limekaa upande? Ameshaushika ukanda. Mimi nimeushika ukanda. Yeye anavuta kwa wema na mimi navuta kwa hofu, na ukitutazama kwa mbali ungedhani ni watu wawili wanaogombania kulipa chai. Kuna nini humu mpaka huniamini, anauliza. Ni mtu wa kwanza katika mji wote kuniuliza hivyo, wazi, bila fumbo, na ninamjibu ukweli. Sijui. Hujui ulichobeba? Sijui, hawakuniambia. Basi kwa nini unakibeba? Namwambia, baba, usiingie mle. Neno limetoka. Analegeza ukanda kidogo, ananichunguza, si kwa mshangao, zaidi kama anavyochunguza mashine inayotoa mlio asioujua. Baba nani, anasema. Mwanangu mimi ni mdogo, hata kufunga viatu hajaweza. Najua, nasema. Alichelewa sana kujifunza, mama yake ndiye aliyemfundisha. Mfuko uko kati yetu, nusu wangu nusu wake, na nyuzi za Bi Hafswa zinaanza kuachia moja moja. Natazama ndani, naye anatazama ndani, na kabla sijaona, unatokea mshindo.

Si mfukoni. Mfuko bado uko mikononi mwetu. Mshindo umetoka kwingine, labda ndani ya jengo, labda nyuma ya mji, na vioo vyote vinatetemeka katika fremu zake na visogo vyangu vyote vinatetemeka pamoja navyo. Nageuka kuona kama baba bado amesimama.

Samahani jamani, anasema fundi wa spika, ilikuwa juu mno. Nimefumbua macho. Ukumbi umejaa, watu wanacheka na kusogezana, Bi Hafswa yuko mbele anazungumza na mtu wa projekta. Kiganja changu kina grisi, nami najiambia ni ya kile kiti, viti vya hapa vibovu. Mama ameketi pembeni yangu. Leso yake imenyooka. Basi ameingia, nawaza, ameingia bila jibu, na sasa mimi ninalo, au karibu ninalo, na ninataka kumpa kabla taa hazijazimwa. Kijana mmoja anauliza kiti cha upande wa pili wa mama kama kina mtu. Mama anaweka mkoba wake juu yake. Hapa pana mtu, anasema. Nainamia sikio lake. Mama, lile swali lako la asubuhi, ninaweza kulijibu sasa. Swali gani, anasema. La yule mtu, kama alifanya. Ananitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeamka na homa, ananishika paji la uso. Wewe umelala vibaya, anasema, shingo imepinda hivi. Asubuhi tumezungumza nini zaidi ya pasi? Kisha anageuka nyuma, anaudhika kidogo, kwa mazoea. Nilimwambia tuingie ndani pamoja. Tangu hapo anakaguliwa mlangoni, na akishampata askari wa kupiga naye soga ndiyo basi tena, baba yako huyo, hajawahi kuwahi popote maishani mwake.

Sigeuki. Taa zinazimwa, na kwenye pazia jeupe kinatokea kisogo changu, kikubwa kuliko mlango, kinaanza kutembea. Hakuna muziki. Katika ukimya ule nasikia mtu mzima akishuka njia ya katikati, gizani, polepole, akiwaomba radhi watu wa kila safu na kuwauliza hali. Wengine wanamwitikia, wengine wanamnyamazisha. Mama ameondoa mkoba kitini. Nyayo zinafika kwenye safu yetu, zinasimama, kuna harufu ya mafuta ya mashine, na mimi, macho yakiwa mbele, ninakunja magoti ili apite.