Biriani Ambayo Twalibu Asingeikataa

Marehemu Twalibu hakuwahi kukanyaga India, lakini hakuna Mhindi wa Texas aliyeweza kumwambia kitu kuhusu chakula cha Kihindi. Yeye alikulia Kisutu, Dar es Salaam, ukuta kwa ukuta na mpishi wa Kihindi, na kwa hesabu zake hiyo ilitosha na chenji ikabaki.

Mkewe Kidawa aliijua shughuli yake. Kila walipoingia mgahawa wa Kihindi, uwe wa Plano karibu na ofisi ya mumewe au wa Irving, ambako hata maegesho ya magari yananukia bizari, alitafuta meza ya pembeni kabisa ili aibu isipate watazamaji wengi. Twalibu aliletewa biriani, akaichungulia kama fundi anayechungulia injini, kisha akamwita mhudumu.

"Ndugu yangu, kiazi kiko wapi?"

"Samahani?"

"Kiazi. Biriani ina kiazi. Halafu nyama mbona mmeifukia chini ya wali kama mali ya magendo? Wali unakaa upande wake, rojo upande wake. Vinakutana kwenye sahani ya mlaji, mbele ya mashahidi."

Siku moja kule Irving mpishi mwenyewe alitoka jikoni, jibaba lenye masharubu, anajifuta mikono kwenye aproni.

"Mzee, mimi natoka Hyderabad," alisema. "Babu yangu alipika biriani. Baba yake babu yangu alipika biriani."

"Na mimi natoka Kisutu," Twalibu alijibu, kwa sauti ya mtu anayefunga kesi.

Walitazamana. Kidawa akakumbuka ghafla kwamba ana kitu cha kutafuta ndani ya mkoba, akauinamia mpaka mpishi alipoondoka. Sambusa nazo hazikupona. "Hii sambusa au mto wa kulalia?" Kuku wa siagi alimpa jina la uji wa mgonjwa. Na baada ya kulalama hivyo Twalibu alikula mpaka sahani ikang'aa, akajipangusa mdomo, akatoa hukumu yake ya siku zote.

"Hii siyo. Kesho tutajaribu kwingine."

Alipolazwa, mwaka jana, chakula cha hospitali kilikataa kupita. Akaomba biriani ya Kihindi. Kidawa aliendesha gari mpaka Irving, akarudi na kopo bado la moto, akamlisha kijiko kimoja. Twalibu alifumba macho, akatafuna polepole, kama anasikiliza.

"Hii siyo," akasema, akitabasamu. "Kesho tutajaribu kwingine."

Hiyo kesho haikumkuta.

Sasa hitma ya mwaka ilikuwa imekaribia, na Kidawa alikuwa na haja moja tu: watu watakaokuja kumwombea mumewe nyumbani Mansfield wale biriani ambayo Twalibu mwenyewe asingeikataa. Kupika mwenyewe hakuthubutu. Yake aliwahi kuipika mara moja, Twalibu akaiita pilau iliyoazima nguo.

Alianza Plano, akaenda Irving, na rafiki yake Yasinta, muuguzi wa DeSoto asiyejua kusema hapana, ndiye aliyekuwa dereva. Katika mgahawa wa tatu Kidawa alijikuta anafukua wali kwa kijiko.

"Unatafuta nini humo, shoga?" Yasinta aliuliza.

"Kiazi."

"Yesu wangu. Umeambukizwa."

Walipofika kwa yule jibaba wa Hyderabad, mpishi alimtambua Kidawa tangu mlangoni. Akaangalia nyuma yake, akaangalia nje.

"Mzee wa Kisutu yuko wapi?"

Kidawa akamwambia. Mpishi akavuta masharubu, kisha akarudi jikoni bila kuaga. Yasinta alidhani amekasirika, akaanza kukusanya funguo. Lakini baadaye mtu yule akatoka na sahani ya biriani, na juu kabisa, katikati, ameketisha kiazi kizima cha kuchemsha, cheupe pe, kama kofia ya mjumbe wa nyumba kumi.

"Cha mzee," alisema. "Babu yangu huko aliko anisamehe."

Kidawa alikila kiazi chote. Hakikuwa na chumvi wala rojo, ila alikila, na machozi akaisingizia pilipili. Alipomweleza mpishi anachotafuta, yule akakuna kichwa. "Houston," akasema. "Kule wapo Wahindi wa kwenu, waliotoka Afrika. Mimi siwawezi. Na wao wanataka kiazi."

Kwa kuulizia huku na huku wakapata jina la Bi Gulshan wa Sugar Land, kando ya Houston, Mhindi mzaliwa wa Tanga, aliyekuwa akipikia watu kwa oda nyumbani kwake. Ijumaa walishika barabara ya kwenda Houston, Yasinta akilalamika kuanzia Corsicana mpaka wanaingia mjini.

"Nime-drive mchana kutwa kwa ajili ya viazi. Nikiulizwa kazini wikiendi nilifanya nini, nitajibu nini?"

Bi Gulshan alikuwa kizee mfupi, mwembamba, amevaa kanzu na raba. Waliposema shikamoo aliitikia marahaba kabla hawajamaliza, kama mtu aliyeisubiri miaka.

"Mwanangu, unataka biriani ya Kihindi?"

"Ndiyo, mama. Ya kweli. Kama ya Kisutu."

"Kisutu!" Bi Gulshan alishika kiuno. "Kisutu walikuwa wanakoroga tu. Nani kakudanganya? Biriani ya kweli ya Kihindi ni ya Tanga."

Kama Twalibu angekuwepo, ingebidi waitiwe polisi.

"Na nani alikufundisha, mama? Bibi yako?"

"Bibi yangu alikuwa hajui hata kuchemsha yai. Alinifundisha mpishi wetu, Mzee Athumani. Mdigo wa Duga. Akiona Mhindi anaingia jikoni, anamfukuza kwa mwiko."

Yasinta alicheka mpaka akatoka nje. Kidawa naye alitaka kucheka, ila wakati huohuo Bi Gulshan alimwekea sahani mbele. Wali upande wake, mwekundu na wa njano. Rojo upande wake, zito, kitunguu kimekaangwa kikawa cheusicheusi, na ndani yake kiazi kilichokunywa rojo mpaka moyoni. Kidawa alionja. Akaonja tena, akitafuta kosa. Aliigeuza nyama, akanusa wali, akakikata kiazi vipande vinne kama anamkagua mtu mfukoni. Kosa hakuliona.

"Ndiyo yenyewe," alisema taratibu.

"Najua," alisema Bi Gulshan.

Bi Gulshan alipika usiku kucha, na Jumamosi alfajiri wakarudi na masufuria yamefungwa mikanda kwenye kiti cha nyuma kama wakwe. Yasinta aliimba. Kidawa alitazama dirishani.

"Mbona umenuna? Si tumeipata?"

"Tumeipata," alisema Kidawa. Safari zote na Twalibu, njia nzima ya kurudi ilikuwa kelele: wamekosea hapa, wameharibu pale. Sasa hapakuwa na cha kusema.

Mchana wake hitma ilisomwa vizuri. Baada ya dua, majirani wasio Waislamu nao wakaingia, sahani zikapita. Watu wakala.

"Tamu," alisema mmoja.

"Tamu sana," akaitikia mwingine.

Kisha wakanyamaza. Nyumba ikatulia kama benki. Kidawa alisimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu azike mume akaona kweli kwamba hayupo. Biriani yake ilikuwepo, kamili, na hakuna aliyeigombeza.

Ndipo Mogaka, jirani Mkenya aliyekuwa akicheza bao na Twalibu kila Jumapili, akakohoa.

"Mama, food ni poa. Siwezi danganya. Lakini tuseme ukweli, hii si ya Kihindi. Mhindi wa ukweli ako Kisumu. Pale unakula bhajia ya viazi, mpaka unasahau kwenu."

"Kisumu?" Marguerite, Mkongo aliyefanya kazi ghala moja na Mogaka, aliweka sahani chini. "Weye Mogaka, unaijua nini? Kwetu Bukavu kulikuwa Muhindi, alikuwa anauzisha sambusa ya nyama na pilipili, vraiment, kweli kabisa, ulikuwa unalia. Ile njo Kihindi!"

"Sambusa ya Bukavu! Hiyo ni ya Wakongo!" Mogaka akabisha.

"Na hii wali ni ya nani? Kama ni ya Kihindi, viazi inafanya nini ndani?"

"Kiazi ndio chenyewe!" akadakia mzee mmoja wa Unguja kutoka kwenye mkeka. "Ila wamekikata kikubwa. Na rojo halina mtindi wa kutosha. Nani kapika hii?"

"Mdigo!" Yasinta akapaza sauti, na nyumba ikalipuka. Watu wakasimama na sahani zao, wakaoneshana vidole vyenye rojo, kila mmoja na Mhindi wake, kila mmoja na mtaa wake, na katika watu wote wale hakuna hata mmoja aliyewahi kufika India.

Kidawa alisikiliza. Makelele yale aliyajua. Aliweka mwiko chini, akajipakulia, akaketi mkekani katikati ya ugomvi. Akala bila haraka, wali na rojo na kiazi, mpaka sahani ikang'aa. Kisha akajipangusa mdomo.

"Hii siyo," alisema.

Wote wakageuka. Yasinta akashika kichwa.

"Shoga! Houston yote ile!"

"Hii siyo," Kidawa akarudia, na tabasamu likamjia bila kuitwa. "Kesho tutajaribu kwingine."